Kutoka Nairobi hadi Lenana: Mwongozo Kamili wa Kuona Jua Likichomoza na Maua ya Mlima Kenya Yakifunguka

Alfajiri moja ya Januari, nje ya kambi ya Shipton's kwenye Mlima Kenya, nilipiga magoti mbele ya lobelia iliyokaa ardhini kama kabeji kubwa iliyokaza majani. Katikati ya majani mlikuwa na maji, na juu ya maji kigae cha barafu, chembamba kama kioo cha saa ya mkononi. Nilikigonga kwa ukucha kikalia. Saa nne asubuhi nilirudi pale pale. Barafu ilikuwa imeyeyuka, majani yamelegea, na kwenye lobelia ya jirani iliyokwisha kutoa mnara wake wa maua alikuwa ametua chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, akichomeka mdomo ua baada ya ua.

Watu wengi wa Nairobi waliofika kilele cha Lenana hawajaliona hilo, ingawa walipita hatua chache tu kando yake. Walipanda na kushuka kwa siku tatu. Bonde la Mackinder, lenye bustani yote hiyo, walilipita jioni wakiwa hoi, kisha wakaondoka usiku na tochi. Jua likichomoza waliliona, lakini maua waliyapita gizani. Mwongozo huu ni wa siku tano mlimani pamoja na usiku mmoja Nanyuki kabla ya kuanza. Siku moja ambayo watu huikata ili kuokoa pesa ndiyo siku ya maua, na ndiyo hiyo hiyo inayoupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyembamba. Pesa okoa kwingine, siku hiyo usiiguse.

Panga kwa mvua, si kwa likizo

Sisi hatuna majira ya machipuko kama nchi za kaskazini, ambako miti hulala miezi ya baridi halafu ikaamka yote kwa pamoja. Kwetu anayeamsha maua ni mvua. Mijakaranda ya Nairobi huchanua kati ya Septemba na Novemba hivi, na ukiona barabara za mjini zimetandikwa zambarau jua kwamba mvua fupi ziko njiani au zimeshafika. Mlimani hesabu ni tofauti kidogo. Kule juu unahitaji vitu viwili vinavyovutana: ardhi iliyokunywa maji ya kutosha ili maua yatoke, na anga safi ili jua lionekane. Ukienda katikati ya mvua utapata maua ndani ya ukungu. Ukingoja kiangazi kikomae utapata anga ya buluu na nyasi zilizokauka.

Wakati ninaoupendekeza ni wiki ya pili na ya tatu ya Januari. Mvua fupi zimekwisha, udongo bado una unyevu, Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi kuliko yote mlimani, na msongamano wa Krismasi na Mwaka Mpya umeisha, kwa hiyo hata nauli za matatu zimerudi chini. Chaguo la pili ni mwisho wa Juni kuingia Julai, baada ya mvua ndefu. Maua huwa mengi, ila baridi ni kali zaidi na mawingu ni ya kubahatisha.

Februari ikielekea mwisho, mimi sipendi. Nyasi za mlimani zinakuwa kama karatasi kavu. Moto mkubwa uliunguza sehemu za juu za mlima Machi 2012, na mwingine mapema mwaka 2019. Ukienda miezi hiyo, usiwashe moto wa kuni popote, na mvutaji sigara ajizuie mpaka ashuke.

Ukishachagua wiki, angalia na mwezi. Usiku wa mwezi mpevu au siku mbili tatu baada yake utatembea ukiiona njia bila kutegemea tochi peke yake, na vilele vya Batian na Nelion vitakuwa vimesimama juu yako vyeupe.

Jua letu linachomoza lini hasa

Ikweta inapita Nanyuki, kaskazini kidogo tu ya vilele. Kwa sababu hiyo jua la huku halipandi kwa mshazari, linapanda karibu wima, na mapambazuko yetu ni mafupi. Kuanzia mwanga unaokuwezesha kuona mawe ya njiani hadi jua lenyewe kutokeza ni kama dakika ishirini tu. Ukichelewa nusu saa umechelewa kabisa, hakuna cha kusubiri.

Wengi hudhani jua hutoka saa 12:30 kamili mwaka mzima. Hapana. Mwanzoni mwa Novemba hutoka kama saa 12:11 asubuhi, na katikati ya Februari kama saa 12:41. Tofauti hiyo ya nusu saa ni kubwa kwa mtu aliyesimama kwenye upepo wa kilele. Katikati ya Januari hesabu ya tambarare ni saa 12:36, lakini kwenye Lenana, mita 4,985 juu ya bahari, upeo wa macho umeshuka chini yako, kwa hiyo utaliona dakika kadhaa mapema. Weka akilini saa 12:25, na uwe umefika saa 12:05 hivi. Kufika saa 11 ni makosa pia. Nimeona watu wakitetemeka pale saa nzima, midomo imebadilika rangi, na jua lilipotoka walikuwa wanataka kushuka tu.

Njia: panda Sirimon, shuka Chogoria

Njia kuu ni tatu. Naro Moru ndiyo ya haraka, na kwa haraka hiyo hiyo ndiyo inayoumiza watu kichwa, tena ina kipande cha matope kinachomaliza nguvu. Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, ni kavu zaidi na inapanda taratibu. Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo yenye mandhari na maua mengi kuliko zote, ila barabara yake ya msituni ni ndefu na mbovu. Kwa hiyo panda Sirimon mwili ukizoea, ona jua kutoka Lenana, kisha shuka Chogoria maua yakiwa mbele yako na jua likiwa juu.

Mwezi mmoja wa maandalizi, ukiwa Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hilo ni faida ndogo uliyonayo juu ya ndugu yako wa Mombasa. Lakini mapafu si miguu. Wiki nne kabla ya safari anza kupanda ngazi za jengo unalofanyia kazi badala ya lifti, ukiwa na begi mgongoni. Jumamosi ya kwanza nenda Karura utembee masaa matatu mfululizo. Jumamosi ya pili nenda Ngong Hills, kuanzia upande wa mitambo ya upepo ukifuata mgongo wa vilima mpaka kilele cha juu, mita 2,460. Kwenye vilima hivyo tembea na kundi na askari wa msitu. Ukienda baada ya mvua, huo mgongo wa Ngong ni shule nzuri ya maua pia: inama, angalia kwenye nyasi, zoesha macho kuona vitu vidogo. Jumamosi ya tatu nenda Longonot, mita 2,776, ukazunguke ukingo wote wa kreta. Ukimaliza Longonot na kesho yake ukaenda kanisani au sokoni kwa miguu yako bila kuchechemea, uko tayari. Jumamosi ya nne pumzika.

Mavazi usinunue mapya dukani kama huna sababu. Gikomba na Toi Market kuna kila kitu cha mlimani kwa yule anayejua kuchagua. Kanuni ya kwanza: hakuna pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho hilo usiku linakuwa barafu ya mgongoni. Soma lebo ya ndani. Tafuta sufi au poliesta. Unahitaji fulana mbili za kubana mwili, sweta nzito moja, jaketi lililojazwa manyoya au pamba bandia, koti la mvua lisilopitisha maji (limwagie maji kwa chupa hapo hapo sokoni, muuzaji hatakasirika ukimweleza unaenda wapi), suruali mbili zisizo za jinzi, suruali ya ndani ya kubana, kofia ya sufi, glavu jozi mbili na soksi nene jozi nne.

Buti ndizo zinazohitaji macho makali. Likunje buti kwa mikono yote miwili uangalie pale soli inapokutana na ngozi. Ukiona ufa mwembamba wa gundi, rudisha. Buti za mitumba zilizokaa ghalani miaka mingi huonekana mpya, halafu soli hubanduka siku ya pili mlimani. Ukizipata nzuri, zivae kwenye safari zote za Jumamosi, ili malengelenge yakutokee Karura na si Shipton's.

Mfuko wa kulalia wa kuhimili baridi ya chini ya sifuri, tochi ya kichwani na fimbo mbili za kutembelea unaweza kukodisha Nairobi au Nanyuki. Betri za tochi nunua mpya.

Kitu kimoja watu husahau: tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa na misitu ya serikali. Chupa za maji za dukani zitazuiwa getini. Beba chupa ngumu mbili za lita moja moja, na moja iwe ya kuhimili maji ya moto.

Malipo na watu wa kwenda nao

Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kupitia eCitizen. Lipa ukiwa bado Nairobi ambako mtandao hausumbui, na uhifadhi risiti kwenye simu pamoja na nakala ya karatasi. Beba kitambulisho cha taifa, maana viwango vya mwananchi, mkaazi na mgeni havifanani. Kambi za Old Moses na Shipton's hulipiwa kando.

Usiende peke yako. Hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ningekukataza. Tafuta kiongozi wa mlima mwenye leseni, na kama mko zaidi ya wawili, mpishi na wapagazi. Kabla ya kukubaliana bei uliza maswali matatu. Je, mpango ni wa siku ngapi na usiku gani mnalala wapi? Wapagazi wana mavazi ya baridi na mahali pa kulala? Mmoja wetu akiugua, nani anashuka naye? Anayejibu swali la tatu bila kusita ndiye wako. Asante ya wapagazi uwape wenyewe mkononi au kwa M-Pesa, usimpe mtu mmoja awagawie.

Siku ya kutangulia: Nairobi hadi Nanyuki

Matatu za Nanyuki hupakia katikati ya mji, pande za River Road. Ondoka asubuhi. Ni kama kilomita 200 kupitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru, na kuanzia Karatina mlima utakuwa kulia kwako kama mawingu hayajaufunika. Kaa dirisha la kulia. Nanyuki iko karibu mita 1,950. Lala hapo, kula vizuri, usinywe pombe.

Nunua matunda na mboga sokoni jioni. Kuhusu chakula nina neno moja tu: maharagwe makavu na githeri mbichi viache nyumbani. Maji ya Shipton's, mita 4,200 juu, huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi, na maharagwe hayaivi kwa joto hilo hata ukiyapikia usiku kucha. Beba ndengu zilizochemshwa tayari, mchele, tambi, chapati, mayai ya kuchemsha, njugu karanga, tangawizi na sukari nyingi ya chai.

Siku ya kwanza: Geti la Sirimon hadi Old Moses

Gari hukufikisha getini, mita 2,650. Kutoka hapo ni kama kilomita 9 za barabara ya gari ndani ya msitu wa mierezi na podo, masaa matatu au manne kwa mwendo wa polepole, mpaka Old Moses, mita 3,300. Nyati na ndovu wapo, kwa hiyo msitawanyike. Siku hii ni rahisi na hapo ndipo penye mtego: utajisikia una nguvu na utataka kukimbia. Kiongozi wetu, mzee wa Nanyuki aliyepanda mlima huu tangu ujana wake, aliniona nimetangulia akaniita.

“Dada, unakimbilia wapi? Mlima hauhami.”

“Nimekusikia, mzee.”

Kipimo chake kilikuwa hiki: kama huwezi kuzungumza na mwenzako bila kuhema, punguza mwendo.

Siku ya pili: Old Moses hadi Shipton's

Hii ndiyo siku ndefu ya kupanda, kama kilomita 14, masaa sita hadi nane. Ondoka saa 1 asubuhi, kwa sababu mlima huu hufunga mawingu mchana na mvua au theluji nyepesi huja alasiri. Utavuka vijito vya Ontulili na Liki, kisha utaingia Bonde la Mackinder na vilele vitafunguka mbele yako kwa ghafla.

Macho yaanze kazi hapa. Kwenye nyasi za vishungi utaona maua meupe na ya waridi yaliyo makavu kama karatasi ukiyagusa. Hayo ni helichrysum, na hata yakichumwa hayanyauki, ndiyo maana watu hushawishika kuyachuma. Usichume hata moja. Kisha yanaanza majitu ya mlima, senecio na lobelia, mwanzoni moja moja, halafu kundi zima kama watu waliosimama kwenye mkutano.

Kunywa lita tatu au nne siku hiyo, na kula hata kama hamu imepotea.

Sasa niseme kuhusu ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu ulinipata. Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya siku tatu na kampuni ambayo sitaitaja. Nilifika Shipton's kichwa kikigonga kama ngoma, sikula, sikulala, na saa 9 usiku nikaambiwa twende, kila mtu huumwa kichwa. Kwenye mita 4,600 hivi nilitapika mara ya pili na miguu ikaanza kunipeleka kando. Mpagazi kijana ndiye aliyenishika mkono akasema tunashuka. Tulipofika chini ya Shipton's kichwa kilikuwa kimepoa, na Old Moses nilikula sahani mbili za wali.

Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa mang'amung'amu na kukosa hamu ya chakula ni mambo ya kawaida. Dalili za kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ni hizi: kutapika kusikokoma, kuyumba unapojaribu kutembea kwenye mstari mnyoofu, kuchanganyikiwa, kikohozi chenye povu, au kukosa pumzi ukiwa umekaa. Hakuna dawa inayoshinda kushuka. Kama unataka kutumia vidonge vya kuzuia ugonjwa huu, zungumza na daktari ukiwa Nairobi, na kama una ugonjwa wa moyo, pumu kali, au ni mjamzito, anza na daktari kabla ya kulipa chochote.

Siku ya tatu: siku ya maua

Hii ndiyo siku wanayoikata. Unalala Shipton's usiku wa pili, na katikati una siku nzima.

Amka kabla ya saa 12:30, jifunike, toka nje. Tafuta senecio, ile yenye shina nene kama mti na shada la majani kichwani. Usiku majani yake hujikunja na kufunika chipukizi lililo katikati, na majani ya zamani yaliyokufa hayaanguki, yanabaki yamening'inia kwenye shina kama koti. Kwenye mlima ambao kila siku ni kiangazi na kila usiku ni baridi ya barafu, mti huu umejifunza kulala umevaa. Ingiza kidole polepole kati ya koti na shina usikie tofauti ya baridi. Ukikuta mti umechanua, shada la manjano limesimama juu kabisa, una bahati: senecio kubwa huweza kukaa miaka kadhaa bila ua, halafu nyingi zikachanua mwaka mmoja.

Kisha angalia lobelia, na ujue ziko mbili. Ya kwanza ni Lobelia keniensis, ile yenye bakuli la maji katikati. Maji yanaganda juu tu, chini yake hayagandi, na chipukizi linaishi humo salama. Ya pili ni Lobelia telekii, iliyopewa jina la Teleki, msafiri wa Hungaria aliyefika mlimani mwaka 1887. Hii utaitambua kwa mnara wake wenye manyoya marefu ya fedha, kama mkia mnene wa mnyama uliosimamishwa. Maua yenyewe ni ya buluu, madogo, yamejificha ndani ya manyoya. Yafunue kwa vidole viwili taratibu uyaone, kisha yaachie yajifunike. Mmea huo hungoja miaka mingi, huchanua mara moja tu maishani mwake, huacha mbegu na kufa. Mnara mweusi mkavu unaouona kando ni mmoja uliokwisha kumaliza kazi.

Ukikaa kimya karibu na minara hiyo kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, chozi watakuja. Dume ni wa kijani kinachong'aa na ana mkia mrefu. Pimbi nao watakuja, hasa kama umekaa na chakula. Usiwape, wameshazoea mikate ya watu kiasi cha kufungua mabegi.

Baada ya chai ya saa 5, panda na kiongozi hadi mita 4,500 hivi kuelekea kipito cha Hausburg Col, kaa robo saa, urudi kulala Shipton's. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakouzoesha mwili. Saa 10 jioni rudi tena kwenye senecio uliyoitazama asubuhi, uone majani yanavyoanza kujifunga. Kula mapema, panga kila kitu cha usiku, lala saa 1. Chupa ya maji, simu na betri vilale nawe ndani ya mfuko. Baridi huimaliza chaji ya simu kabla hujapiga picha hata moja.

Siku ya nne: Lenana, kisha Chogoria

Amka saa 8 usiku. Chai yenye sukari, biskuti, uji kama unapita kooni. Vaa nguo chache kidogo kuliko unavyotamani, kwa sababu ukitoa jasho dakika kumi za kwanza utalipia kileleni. Jaketi nene libaki juu kabisa ya begi. Ondoka saa 9. Kupanda ni mita 785 kwa masaa matatu hivi, sehemu kubwa ikiwa changarawe inayoteleza. Hatua moja, pumzi moja. Ukipita kidimbwi cha Harris Tarn mwamba unaanza, na karibu na kilele kuna vyuma vilivyokazwa ukutani vya kushikilia. Shika kwa glavu, vyuma hivyo ni vya barafu.

Kileleni vaa kila ulicho nacho. Hapa ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Kwa Wagikuyu huu ndio Kirinyaga, makao ya Ngai, na wazee walisali wakiuelekea. Hata kama si imani yako, punguza kelele.

Mashariki kutaanza mstari wa rangi ya chungwa juu ya mawingu ya Meru na Tharaka. Utazame, lakini usiutazame wote. Jua likishatokeza, geuka. Magharibi, juu ya nyanda za Laikipia na kuelekea Nyandarua, kivuli cha mlima mzima kitakuwa kimelala kama pembetatu ya buluu, na kila dakika kinafupika. Wengi hukikosa kwa sababu wako kwenye simu wakielekea upande mmoja. Kusini, anga ikiwa safi sana, utaona Kilimanjaro, zaidi ya kilomita 300. Batian, mita 5,199, na Nelion pembeni yake zitakuwa nyekundu dakika chache halafu kijivu. Chini yako kuna barafu ya Lewis, au kilichosalia. Imekuwa ikiyeyuka kizazi baada ya kizazi. Itazame vizuri.

Dakika thelathini zinatosha. Wapagazi watakuwa wamezunguka na mizigo, na mtashuka upande wa Chogoria. Saa mbili baadaye mko Hall Tarns, vidimbwi tulivu kwenye ukingo ambapo jabali linakatika ghafla na Ziwa Michaelson linaonekana chini kabisa bondeni. Kunyweni chai hapo.

Kutoka hapo hadi mwisho wa barabara ya magari, karibu mita 3,300, ni mteremko mrefu, na ni bustani tupu. Maua ya kniphofia yamesimama kama mienge, nyekundu juu na manjano chini. Gladiolus nyekundu iko peke yake kwenye nyasi. Protea nyeupe ni kubwa kama kikombe. Chini zaidi inakuja delphinium ya buluu-kijani, halafu vichaka vya erika vyenye ndevu za kijivu, na mwisho miti ya hagenia. Magoti yatalalamika, tumia fimbo zote mbili na ufupishe hatua. Lala kwenye mabanda karibu na geti la Chogoria, au piga hema.

Siku ya tano: kurudi

Panga gari la magurudumu manne likufuate getini asubuhi, na ulipange tangu Nairobi, si ukiwa mlimani bila mtandao. Mvua ikinyesha usiku, barabara ya kushuka mjini Chogoria inakuwa sabuni, kwa hiyo acha nafasi ya nusu siku katika ratiba yako na usiahidi mtu mkutano jioni hiyo. Kutoka Chogoria matatu za Nairobi hupitia Embu na Makutano.

Ukifika nyumbani toa buti na soksi nje kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye nyuzi za soksi na kamba za buti utakuta mbegu ndogo za mlimani zimenasa. Zichambue zote, uzitie kwenye karatasi, uzichome. Fanya hivyo hivyo kabla ya kwenda, usije ukabeba magugu ya Ngong ukayapanda Bonde la Mackinder. Kisha safisha soli kwa brashi na maji, ziache buti zikauke kivulini siku mbili, na uzijaze magazeti ndani.